Fleti Sita, Jina Moja

Fungu la mwisho la migebuka kwenye soko la samaki la Katonga lilishikwa na mikono miwili kwa wakati mmoja, na hakuna mkono uliotaka kuachia.

Mkono mmoja ulikuwa na bangili nyembamba na kucha za rangi ya zambarau. Huo ulikuwa wa Clementina, fundi cherehani wa soko la Mwanga, mwanamke wa miaka thelathini na miwili, gauni lake la kitenge cha kijani limemkaa barabara kiunoni kwa sababu alilishona mwenyewe. Mkono wa pili ulikuwa mpana, una kovu la kuungua kwenye kidole gumba, umetoka kwenye ovaroli ya bluu. Huo ulikuwa wa Vedasto, fundi umeme, mtu wa Kasulu aliyehamia Kigoma mjini kufuata kazi za majengo.

"Kaka samahani, hawa nimeshawachagua kwa macho," alisema Clementina.

"Macho hayatoi risiti, dada yangu."

"Na wewe risiti yako iko wapi?"

"Ndiyo naitafuta mfukoni. Nisubiri, usiondoke."

Watu walikuwa wanasukumana na mabeseni, boti nyingine inashusha, na muuza samaki alikuwa amechoka kusimama. "Gawaneni bwana, mimi nifunge biashara!" alifoka. Samaki walikuwa watano. Vedasto akamwekea Clementina watatu kwenye mfuko wake, akabaki na wawili. Mwanaume anayekupa watatu akabaki na wawili, na hata jina lako halijui, huyo inabidi umwangalie mara mbili. Clementina alimwangalia mara nne, ukitaka niseme ukweli.

"Unafanya kazi gani?" aliuliza, akijifanya anapanga samaki.

"Umeme. Nyumba kwa nyumba."

"Swichi ya jikoni kwetu inapiga shoti."

"Mungu mkubwa," alisema Vedasto. "Ni wapi huko?"

Ilikuwa Katubuka, kwenye nyumba ya ghorofa moja yenye fleti sita, tatu chini na tatu juu. Clementina alipanga fleti ya pili, akaishi humo na mama yake. Vedasto alikuja Jumamosi akatengeneza swichi. Jumamosi iliyofuata akaja kuangalia soketi ambayo haikuwa na ugonjwa wowote. Ya tatu akaja tena.

"Mwakeye, mwanangu," mama alimsalimia kwa Kiha, halafu akamgeukia binti yake bila hata kushusha sauti. "Huyu fundi wako soketi moja anaitengeneza wiki tatu. Ama hajui kazi, ama kuna kazi nyingine anaijua."

"Mama!"

"Nimesema uongo? Mletee chai."

Basi yakaanza. Simu za asubuhi: "Tina wangu, umeamka?" Simu za mchana: "Umekula nini, mrembo, au unashona tu?" Jumapili baada ya misa walishuka ufukweni, Vedasto na shati jeupe lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe, Clementina na gauni la njano ambalo wateja watatu walishaomba awashonee kama hilo. Miezi minane hivyo. Mwezi wa tisa baba mdogo wa Vedasto alifunga safari kutoka Kasulu na barua ya posa, kitenge cha mama na makreti ya soda. Mahari ikatajwa, nusu ikapokelewa. Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Erasto, aliitwa awe shahidi, akala pilau sahani mbili na kutoa hotuba ndefu kuliko ya mshenga. Hata mafundisho ya ndoa walishayamaliza parokiani. Kilichobaki ni tarehe ya harusi.

Ndipo mwenye nyumba, Mzee Mwinshehe, akatangaza kwamba anauza.

"Nimezeeka, mwanangu," alimwambia Clementina. "Binti yangu ananiita Tabora nikakae kwake. Kuna mfanyabiashara ananitajia milioni mia na hamsini, anataka kuibomoa ajenge gesti. Lakini wewe umenilipa kodi miaka tisa hujawahi kunizungusha. Ukizipata hizo hela ndani ya siku arobaini, nyumba ni yako. Zikipita, unisamehe."

"Marahaba yako ulishanipa asubuhi, mzee, lakini shikamoo tena," alisema Clementina, kwa sababu hakujua aseme nini kingine.

Hebu nikueleze kwa nini nyumba ile ilimnyima usingizi. Clementina alikuwa na miaka kumi na mmoja baba yake alipofariki. Baba zake wakubwa walikuja msibani na maneno matamu, wakala arobaini, kisha wakamwambia mama yake kwamba ile nyumba ya Ujiji ni ya ukoo, jina lake halimo popote. Tangu siku ile walihama mara saba. Mama sasa alikuwa na miaka sabini, macho yamepungua nguvu, anaijua fleti ile kwa kupapasa: hapa mlango, hapa jiko, hapa ngazi. Kumhamisha tena lilikuwa jambo ambalo Clementina hakutaka hata kulifikiria.

Akaenda benki. Alikuwa na milioni arobaini na tano, jasho la miaka kumi na mmoja ya sare za shule pamoja na kiwanja alichokiuza. Benki ingemkopesha mia na tano zilizobaki, rehani ikiwa nyumba yenyewe, na kodi za zile fleti nyingine tano zingesaidia kulipa rejesho kila mwezi. Afisa mikopo aliitwa Happiness, binti mwembamba mwenye suti ya kijivu, aliyehamishiwa Kigoma kutoka Dodoma.

"Dada Clementina, mahesabu yako ni mazuri," alisema. "Tunahitaji barua ya utambulisho ya mwenyekiti wa mtaa. Halafu kitu cha mwisho: una mume?"

"Nina mchumba."

"Mchumba sheria haimjui. Ukiwa na mume, lazima aje asaini ridhaa, maana nyumba inawekwa rehani. Kama huna, unaapa kwa wakili kwamba huna. Chagua ukweli wako."

Ukweli ulikuwa kwamba hakuwa ameolewa. Akaenda kwa wakili Nehemia, akashika Biblia, akasoma karatasi: *Kwamba sina mume, na hakuna mwanaume yeyote mwenye haki katika mali yangu.* Aliisaini. Neno yeyote alilisoma mara mbili, lakini aliisaini. Vedasto alikuwa Uvinza siku hizo, anafunga umeme kwenye majengo ya shule. Jioni alipopiga simu, Clementina alimwambia kwamba mama hajambo, kwamba amekula, kwamba amemkumbuka. Kiapo hakukitaja. Alijiambia atamweleza akirudi, uso kwa uso. Ndivyo tunavyojidanganya tukiogopa.

Na Mzee Erasto naye! Mtu akila pilau yako, anataka kukulipa fadhila. Aliandika barua kwa mwandiko wa kujipinda, akapiga muhuri mara mbili, akaifunga kwenye bahasha: *Mtajwa ni mkazi wangu mwaminifu, na ni mke halali wa ndugu Vedasto, fundi umeme anayeheshimika, simu yake ni hii.* Kichwani mwake, mwanamke mwenye mume anakopesheka upesi. Clementina aliipeleka benki bila kuifungua.

Happiness aliisoma, akanyanyua simu.

Vedasto alikuwa juu ya ngazi, koleo mdomoni. Akalitoa. "Haloo?"

"Naongea na Vedasto? Naitwa Happiness, nakupigia kutoka benki, Kigoma. Samahani, wewe ni mume wa Clementina?"

Jamani. Miezi kumi alikuwa analimung'unya neno hilo peke yake, na leo mtu mzima wa benki anamwita kwa hilo jina. Aliteremka ngazi hatua mbili kwa furaha.

"Ndiye mimi! Mume wake kabisa."

"Mmeoana?"

"Mambo yote tayari, dada. Wazee wamekaa, mahari imepokelewa. Huyo mpeni tu mkopo, mimi nipo nyuma yake!"

"Ahsante, ni hilo tu."

Akarudi juu ya ngazi anapiga mluzi, akiamini amemsaidia mpenzi wake.

Kesho yake Clementina aliitwa. Faili lilikuwa limefungwa juu ya meza. "Dada, karatasi hii inasema huna mume," Happiness alisema taratibu. "Mwenyekiti anasema unaye. Mume mwenyewe anasema yupo, tena nyuma yako. Mkubwa wangu anauliza ni nani kati yenu anatudanganya. Mkopo umesimama."

"Zimebaki siku tisa!"

"Najua. Pole sana."

Alimpigia Vedasto akamwambia neno moja tu: rudi. Alirudi siku hiyo hiyo, vumbi la Uvinza bado kwenye nywele, akaenda moja kwa moja kwenye kibanda chake cha ushonaji Mwanga. Clementina hakuinuka kwenye cherehani.

"Nani alikutuma useme ni mume wangu?"

"Heh! Nani alinituma? Mama yako alipokea kitenge mbele ya watu, Tina. Nilidhani benki wanataka kujua kama una mtu wa kukusimamia."

"Wanataka kujua kama kuna mtu mwenye haki kwenye nyumba yangu! Nimeapa kwamba hakuna. Sasa naonekana mwongo."

Vedasto alishusha mkoba wake wa vifaa begani. "Umeapa?"

"Kwa wakili."

"Umeshika Biblia?"

Clementina alianza kukunja kitambaa kilichokuwa kwenye cherehani.

"Umeshika Biblia ukasema hakuna mwanaume. Na jioni yake ukaniambia umenikumbuka. Mimi ni nani kwako, Tina? Mtengeneza soketi?"

"Usinigeuzie maneno! Kama hutaki kitu kwangu, mbona ulikimbilia kujibu? Baba zangu wakubwa nao walianza hivyo hivyo. Walisema sisi tupo nyuma yako, sisi ndugu zako. Mwisho tukalala nje!"

"Kwa hiyo mimi ni baba zako wakubwa."

Alilisema kwa sauti ya chini. Fundi wa kibanda cha jirani alizima redio ili asikie vizuri. Clementina alitaka kusema hapana, neno lilikuwa pale pale ulimini, ila hasira ililikalia. Vedasto alichukua mkoba wake wa vifaa akaondoka, na kwa mara ya kwanza hakumwambia ale vizuri.

Siku mbili simu hazikulia. Clementina alishona sketi tatu za shule, zote akazikosea upande wa zipu. Mama hakuuliza kitu hadi siku ya pili jioni.

"Yule kijana umemfukuza?"

"Ameondoka mwenyewe."

"Ulimwambia nini?"

Akamweleza. Mama aliweka mikono mapajani. "Mimi ndiye niliyetolewa Ujiji, si wewe," alisema. "Mimi ndiye mwenye haki ya kuwaogopa wanaume. Na huyu simwogopi hata kidogo. Jina lako liandike peke yako kwenye hiyo nyumba, mwanangu, hapo upo sawa kabisa. Lakini hilo la baba zako wakubwa hukutakiwa kumwambia. Limemuumiza bure."

Clementina alilia, akapiga simu. Iliita hadi ikakatika. Akaona ndiyo basi, Vedasto amechoka naye.

Hakujua kwamba saa hiyo simu ya Vedasto ilikuwa kwenye chaji na mwenyewe ameketi benki, ovaroli imefuliwa, kofia mkononi, anasubiri wateja wa mwisho watoke.

"Dada Happiness, nimekuja kujifuta," alisema.

"Kujifuta nini?"

"Umume."

Happiness aliuma mdomo asicheke. Akamweleza: aape kwa wakili kwamba hajamwoa huyo mwanamke na hana dai, kisha mwenyekiti abadilishe barua yake. Vedasto alianza na mwenyekiti.

"Siibadilishi!" Mzee Erasto alikuja juu. "Nilikuwepo, nilikula pilau kwa mkono wangu huu!"

"Shikamoo tena, mzee. Pilau si ndoa."

"Wazee walikaa!"

"Walikaa, mzee, wakainuka, kanisani hatujafika. Barua yako imemzuilia mkopo. Siku zikiisha nyumba inabomolewa, na yule mama asiyeona vizuri atahama kwenye mtaa wako. Utaandika barua gani hiyo siku?"

Mzee Erasto alisonya, akavaa miwani, akatafuta karatasi nyingine.

Kwa wakili kulikuwa na foleni, na kwenye foleni kulikuwa na mtu wa Kasulu. Kabla Vedasto hajafika nyumbani, baba mdogo alishapiga simu.

"Nasikia umeapa kwamba yule binti si wako! Na mahari tuliyotoa je? Na nauli yangu?"

"Baba mdogo, niache kwanza."

"Umemwacha?"

"Sijamwacha. Naye sijui kama ananitaka. Ila nyumba lazima aipate."

Baba mdogo alisema vijana wa siku hizi wana wazimu, akakata simu.

Zikiwa zimebaki siku nne, Clementina aliitwa benki. Alivaa gauni jeusi, kama anakwenda kuzika. Happiness alikuwa anatabasamu. "Mkopo umepita, dada. Lakini kabla hujasaini, mimi kama mimi, naona uisome karatasi hii."

Ilikuwa na muhuri wa wakili Nehemia. Clementina aliisoma amesimama.

*Mimi, Vedasto, mtu mzima mwenye akili timamu, naapa na kuthibitisha:*

*Kwamba sijafunga ndoa na Clementina, si ya kanisani, si ya serikali wala ya kimila.*

*Kwamba sina na sitadai haki yoyote katika nyumba anayoinunua Katubuka, iwe leo au nikija kumwoa.*

*Kwamba nilipoulizwa kwenye simu nilisema mimi ni mume wake kwa sababu nilikuwa natamani sana iwe hivyo, na sikujua kwamba kutamani hakutoshi.*

"Hilo la mwisho wakili alilifuta, akasema si lugha ya kisheria," Happiness alisema. "Jamaa akakataa kusaini mpaka lirudi. Wakabishana hadi ofisi inafungwa."

Clementina aliketi kwenye kiti cha wateja akalia mbele ya watu wote, wanja ukashuka hadi kidevuni. Mlinzi alimletea maji. Kisha alisaini, kurasa kumi na nne, jina lake peke yake kwenye kila ukurasa.

"Happiness," aliuliza akijifuta, "na nikiolewa baadaye?"

"Unatuandikia barua ya kutujulisha. Jina la mume na tarehe ya ndoa. Basi."

"Naomba karatasi nyeupe."

Alhamisi ya wiki iliyofuata, Mzee Mwinshehe akiwa ameshalipwa na kukabidhi funguo zote, Clementina alipanda bajaji hadi Ujiji, alikosikia Vedasto amepata kazi. Alivaa gauni la njano. Vedasto alikuwa peke yake ndani ya nyumba inayojengwa, anapitisha nyaya ukutani, saruji hadi kwenye kope. Alimwona mlangoni akashusha mikono.

"Umeipata?"

"Nimeipata."

"Mama amefurahi?"

"Tangu juzi anapanda na kushuka ngazi. Anasema anakagua mali." Alisogea hatua moja ndani. "Vedasto, nilikupigia ukawa hupokei."

"Niliiona baadaye. Nikaogopa kupiga. Nilijua utaniambia yale yale."

"Nisamehe. Kukufananisha na wale watu nilikukosea sana. Wewe hukunifanyia lolote zaidi ya kunipenda. Niliogopa tu, nikakutupia wewe woga wangu wote kwa sababu ndiye uliyekuwa karibu."

"Na mimi nisamehe. Sikuuliza. Nilisikia neno mume, nikavimba kichwa."

"Kiapo chako nimekisoma."

Vedasto aliinamisha uso, kovu la kidole gumba linasugua ukuta. "Yule dada hakutakiwa kukuonyesha."

"Ningempiga kama asingenionyesha." Alifungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa mara mbili. "Soma na hii."

Alijifuta mikono kwenye ovaroli kabla ya kuipokea. *Kwa Meneja. Yahusu: taarifa ya kuolewa. Mimi Clementina, mkopaji wenu, napenda kuwajulisha kwamba nimefunga ndoa na Vedasto, fundi umeme, tarehe...* Hapo palikuwa na nafasi tupu.

Aliisoma mara ya pili, midomo ikicheza. "Tarehe haipo."

"Ndiyo nimeifuata huku."

Vedasto alitafuta penseli sikioni, akaikosa, akaipata mfukoni. "Matangazo ya ndoa yanasomwa kanisani Jumapili tatu," alisema, akihesabu kwa vidole. "Hii inayokuja, ile, na ile. Kisha Jumamosi yake." Aliilaza barua kwenye ubao, akaandika tarehe polepole, kwa uangalifu wote wa mtu anayejaza karatasi ya benki. Alipomaliza, hakuirudisha. Alibaki ameishika.

"Nini tena?" Clementina aliuliza.

"Tutakaa wapi?"

"Kwangu. Fleti ya tano, juu. Mpangaji wake anahama mwisho wa mwezi, na ziwa linaonekana dirishani. Mama anabaki chini." Alimwangalia kwa wasiwasi. "Kwenu Kasulu watasemaje?"

"Watasema nimeolewa."

"Na wewe utawajibuje?"

Vedasto alimvuta karibu, gauni la njano likachukua saruji begani, na hakuna aliyejali.

"Nitawaambia ndiyo," alisema. "Nimeolewa, tena nimeolewa pazuri."